Chekap ya bure na posta ya kiatu cha mtoto: kisa cha gereji moja Mombasa

Gereji yenyewe iko upande wa Bamburi. Jina sisemi, na vitu viwili vitatu nimevigeuza ili watu wasitambulikane, lakini mambo yalikwenda hivi hivi. Mimi kazi yangu ni kusaidia biashara ndogo ndogo na matangazo, posta, video za status, hayo mambo, na mwenye gereji alinitafuta maji yalipozidi unga, kwa hio haya nimeyapata pande zote mbili: kwake yeye na vijana wake, na kwa mwalimu mmoja wa Kiembeni ambaye gari yake ndo iliyozua kisa hiki. Kwotesheni ninayo, posta ninayo, na voice note za watu waliokasirika ninazo tele.

Tuanze na bosi manake watu walimhukumu haraka sana. Ni kijana, gereji ameirithi kwa babake, ana mafundi wanne, kodi ya ploti, na mashine ya alaimenti ambayo mkopo wake bado haujaisha. Kazi zilikuwa zimelala. Mombasa hapa gari ikitembea basi ni nzima, fundi anaitwa siku imekataa kuwaka, na hata siku hio anaitwa yule wa jua kali anayekuja na spana zake kwenye gunia. Bosi akampata kijana wa soshomidia, kijana akamwambia hawa watu hawaji mpaka washtuliwe, waingize baridi kidogo uone.

Likizo ya Aprili ilikuwa inakaribia, watu wanajiandaa kwenda bara, mvua nayo iko njiani. Posta ikatoka. Gari nyeupe imekunjwa mbele yote, kwenye lami kuna kiatu kimoja cha mtoto, juu yake imeandikwa "Wanao wanakuamini. Breki zako je?" na chini "CHEKAP YA BURE, siku tatu tu". Ilisambaa kwenye status na magrupu ya wazazi mpaka ikafika Mtwapa. Siku ya kwanza foleni ya magari ilitoka getini ikaingia barabarani, bosi akapiga picha ile foleni akaiposti pia.

Sasa hebu iangalie ile picha polepole. Kwanza usukani uko kushoto, kwa hio hio gari si ya huku. Kiatu kimebandikwa na kompyuta, kivuli chake kinaanguka upande mwingine kabisa na kivuli cha gari. Haya tuyaache. Kubwa ni kwamba ile ni ajali ya uso kwa uso, yaani mtu aliovateki mahali si pa kuovateki, zile za usiku za Taru na Maungu kwenye barabara ya Nairobi ambapo lori limefuatana na lori na mtu mwenye Probox hana subira. Kenya tunazika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani kwa hesabu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu, na sababu zinazotajwa mara nyingi ni mwendo kasi, kuovateki vibaya, uchovu. Sisemi gari mbovu haiui, inaua sana. Ila huwezi kuchukua hofu ya ajali ya kuovateki ukaiuzia shoki. Shoki mpya haimzuii dereva wa mbele kulala.

Kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye posta ni vile "bure" inavyolipwa. Chekap ni bure, lakini bosi alikuwa amewaambia mafundi kila spea itakayouzwa kutokana na chekap fundi anapata asilimia kumi. Akipata gari nzima akaiambia nenda salama, amefanya kazi ya dakika arubaini bila shilingi. Hapo sihitaji kukueleza kitakachotokea, hata ukimweka sheikh. Si ujanja wa Mombasa pekee huu. Mwaka 1992 huko California kampuni kubwa ya Sears ilishtakiwa na ofisi ya serikali inayosimamia mafundi wa magari kwa kuuzia watu matengenezo yasiyohitajika kwenye gereji zake, na lililokuja kuonekana ni lile lile, wafanyakazi walikuwa wanalipwa komisheni na kupewa malengo ya mauzo. Kampuni ikabidi iachane na ule mtindo.

Mwalimu sasa. Ana Premio ya 1500, ya mwaka 2009, iliingia kupitia bandari hapa kabla haijavuka ile miaka minane ambayo gari kuukuu inaruhusiwa kuingizwa nchini. Kwao ni Wundanyi na alikuwa anapeleka watoto kwa bibi yao. Kama hujawahi kufika, barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ni kona juu ya kona, kupanda si neno, kushuka ndo kazi. Kwa hio huyu ni mtu ambaye breki zake kweli zilihitaji kuangaliwa, kuliko pengine watu wote waliokuwa kwenye ile foleni. Aliiona posta kwenye status ya mwalimu mwenzake na akaniambia kile kiatu kilikuwa kama cha kitindamimba wake, rangi ile ile, hakulala vizuri.

Alifika Jumamosi na watoto wawili ndani ya gari. Fundi akaitia jeki, akamwita aje aone mwenyewe, mwingine akishika simu anarekodi. Disk ya mbele ina kutu. Bushi zina nyufa. Shoki ya nyuma "inatoka jasho". Tairi likatikiswa likacheza. Kisha yule fundi akamwambia hivi, na bosi mwenyewe alikubali kwamba ndivyo walivyofunzwa kusema: mwalimu, mimi pia nina watoto, siwezi kukuruhusu utoke hapa na hii gari. Watoto wanasikia. Mdogo akaanza kulia kwamba hataki kupanda gari.

Karatasi ikaja na vitu kumi na moja, jumla 74,500, bei ya leo tu, kesho disikaunti haipo. Mwalimu akatuma dipoziti ya 20,000 kwa M-Pesa, pesa ambayo ilikuwa imetengwa kwa fii.

Hapa nitakaa kidogo manake ndo kiini. Ile orodha niliipeleka kwa fundi mmoja mzee ninayemwamini pale Kongowea, tukaipitia moja moja. Kutu ya disk: Mombasa hii, na huu upepo wa bahari, gari ikilala usiku mmoja baada ya mvua asubuhi disk ina kutu nyekundu, ukikanyaga breki mara kadhaa inafutika. Kwenye video inaonekana kama gari imetolewa baharini. Nyufa za bushi: mpira wa miaka hio lazima uwe na nyufa za juu juu, swali ni kama umeachana na chuma au kama unacheza, na hakuna aliyepima kwa mtarimbo. Shoki kutoka jasho: jasho jembamba ni kawaida, ikivuja mpaka mafuta yanatiririka hapo sawa, na haikuwa inatiririka. Tairi kucheza ukilitikisa: hapo ilitegemea linacheza kwa boljoint, kwa tairodi au kwa beringi, na karatasi iliandika zote tatu, yaani wauze zote moja itakuwa ndiyo.

Namba saba kwenye orodha ilikuwa timing belti, na maelezo pembeni kwamba ikikatika safarini injini inakufa na usukani unakuwa mzito ghafla.

Premio ya 1500 ya mwaka ule ina injini ya 1NZ. 1NZ haina timing belti. Ina cheni.

Lakini sikia na upande wa pili, manake hapa ndo watu wengi wanaosimulia hiki kisa wanakata. Namba mbili kwenye ile ile orodha ilikuwa breki pedi za mbele na namba tatu mafuta ya breki, na namba kumi tairi la nyuma kushoto. Na hizo tatu zilikuwa kweli tupu. Pedi zilikuwa zimebaki nyembamba kabisa, chini ya ile milimita tatu ambayo mafundi wengi wanasema hapo badilisha. Mafuta ya breki meusi, na mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, hilo watu hawalijui, yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishanywa maji kidogo tu yanaweza kuchemka kwa 140, na hewa yetu ya hapa unaijua. Kwenye mteremko mrefu yakichemka yanatoa mapovu, ukikanyaga pedali inazama tu. Tairi nalo namba zake za ubavuni zilikuwa 1513, maana yake wiki ya 15 ya mwaka 2013, liliingia nchini na gari na halijawahi kutolewa. Kashata zake zilikuwa bado nzuri ndo maana hakuna aliyelishuku.

Kwa hio karatasi ilikuwa na mambo matatu ya kufa na kupona, yakazikwa katikati ya mengine manane ya kujaza mfuko, na yote kumi na moja yameandikwa kwa wino mmoja mwekundu, HATARI, HATARI, HATARI. Yale matatu yote pamoja, pedi, mafuta na tairi, yasingefika hata 15,000.

Jioni mwalimu akampigia shemeji yake, dereva wa malori anayepakia makontena bandarini, kumwomba amwongezee pesa. Shemeji akasema hebu nisomee hio karatasi. Alipofika namba saba shemeji akacheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena akamwambia shemeji, hao wezi, kama wamekuuzia belti kwa injini ya cheni basi hakuna la kweli hapo, kesho naja tuichukue gari. Na kweli Jumapili alikuja, maneno yakawa mengi, majirani wakatoka, gari ikatolewa vile vile ilivyoingia. Dipoziti ilirudi 17,000, elfu tatu bosi akasema ni ya kufungua na kufunga, ambayo mimi nilimwambia hana pa kusimamia manake posta yake mwenyewe imeandika bure kwa herufi kubwa. Bado wanavutana.

Shemeji si mjinga, ni dereva wa miaka mingi, na bado alifanya jambo la hatari. Watu waliosomea haya mambo ya hofu wana maelezo. Kim Witte, mtafiti wa mambo ya mawasiliano, aliandika mwaka 1992 kwamba mtu akitishwa sana na asione njia anayoiweza na kuiamini ya kuepuka, anaacha kupambana na hatari anaanza kupambana na ile hofu yenyewe, anaikataa, anaidharau, anasema hawa wanatudanganya. Hapa familia ilipewa hofu kubwa, njia moja tu ya kutoka ambayo ni 74,500 leo, kisha wakapewa sababu nzuri ya kuikataa. Nani asingeikataa? Hofu ikashuka siku ile ile, hatari ikabaki kwenye gari.

Wakaenda Wundanyi Jumatano.

Kupanda walipanda salama. Siku ya kurudi, wakishuka, mwalimu anaendesha, ameshika breki muda wote badala ya kuweka gia ya chini (hilo nalo hakuna aliyemfundisha, ingekuwa ushauri wa bure wa kweli), akasikia harufu ya kuungua, kisha mlio wa chuma kwa chuma, kisha pedali ikaanza kushuka chini kuliko kawaida. Bahati kona kali zilikuwa zimeshaisha. Aliitembeza taratibu mpaka Mwatate. Fundi wa pale akatoa pedi za mbele, moja imekwisha kabisa imefika kwenye bati, disk imechimbwa. Alimbadilishia pedi, akamwaga mafuta ya breki akatia mengine, akamwambia tairi lile la nyuma asifike nalo Mombasa, akaweka tairi la spea. Hakumtisha kwa lolote. Alimwekea ile pedi ya zamani mkononi tu akaiangalia.

Mwalimu alikasirika zaidi baada ya hapo, sio kidogo. Nilidhani angesema kumbe gereji walikuwa na haki. Alichoniambia ni kwamba walijua. Walijua breki zangu mbovu na bado wakaona hiyo haitoshi. Akaandika kwenye grupu ya wakaazi, akabandika kwotesheni nzima na duara jekundu kwenye timing belti, na wale wote waliokuwa kwenye foleni wakaanza kutoa karatasi zao. Mmoja Fielder, injini ile ile, belti ile ile. Wiki ya pili gereji ilikuwa tupu kuliko kabla ya posta.

Wengi kwenye grupu walisema serikali ingilieni, na sheria kwa kweli ipo. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inahesabu kumwambia mtu anahitaji spea au matengenezo ambayo hahitaji kuwa ni maelezo ya uongo, na ina sehemu yake kabisa kuhusu kutengeneza magari, mambo ya kutoa makisio ya bei kabla na kumrudishia mwenye gari spea zilizotolewa. Lakini nani ataenda mahakamani kwa 3,000. Mwalimu hakwenda.

Kuna mtu aliuliza kama basi hofu isitumike kabisa. Mimi sioni hivyo. Angalia stika za matatu, zile ambazo baadaye zilikuja kuitwa Zusha. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, Habyarimana na Jack, walizijaribu kwanza kwenye matatu za masafa marefu hapa Kenya, na baadhi zilikuwa na picha mbaya kweli za majeruhi, hazikuwa za mchezo. Madai ya bima ya zile matatu yalishuka karibu nusu. Ila ile stika ilimwambia abiria fanya nini, na ni kitu anachokiweza palepale bila shilingi: paza sauti, mwambie dereva apunguze. Na kabla ya hapo, mwaka 1965, mtafiti Leventhal na wenzake pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwatisha wanafunzi kuhusu pepopunda. Kutisha peke yake, waliokwenda kuchanjwa walikuwa kama asilimia 3. Wengine wakatishwa vile vile lakini wakapewa na ramani ya zahanati na wakaambiwa watazame ratiba yao waone saa ngapi watapita, hao walifika kama asilimia 28. Ramani tu! Kwenye posta ya bosi ramani ilielekeza sehemu moja, kwake.

Na katika haya yote kuna hofu moja ya haki kabisa kwa mtu wa Mombasa ambayo sijaiona kwenye posta ya gereji yoyote. Eabegi za Takata, kampuni ya Japani. Zimefungwa kwenye magari mengi ya Japani ya miaka ile, dawa yake ya ndani ni amonia naitreti, inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka, na eabegi ikilipuka inaweza kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Marekani walianza kuzibadilisha kwenye majimbo ya joto na unyevu kama Florida, na hali yetu hapa Pwani si tofauti sana. Namba ya chesis unaweza kuiangalia kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza gari ukajua kama gari imeitwa irudishwe kubadilishiwa eabegi. Kwa nini hakuna anayeitangaza? Manake kazi hio gharama ni ya kampuni iliyotengeneza, fundi wa Bamburi hana komisheni hapo.

Nilipokaa na bosi nilimpa mambo machache. Posta ya kiatu itoke, aweke picha ya pedi mpya na iliyokwisha zikiwa pamoja na maneno ya jinsi ya kusoma namba za tairi, mtu akiweza kujiangalia nyumbani atakuja akiwa tayari anaamini. Karatasi igawanywe: isitoke leo bila hii, inaweza kungoja mwezi, iko sawa. Na ile "iko sawa" iandikwe, tena ndefu, manake fundi anayekwambia kitu kizima ndo utamwamini akikwambia kibovu. Spea ya zamani mwenye gari apewe mkononi. Neno la watoto mbele ya watoto likome, hilo sikulizungumza mara mbili.

Haya yote aliyakubali siku hio hio. Tulipofika kwenye komisheni akakataa. Akasema akiiondoa mafundi wazuri wataenda kwa jirani, na hapo hakuwa anadanganya. Nikamwambia basi chekap isiwe bure, toza 1,000, na ile elfu moja aichukue fundi apate kitu asipate, gari iwe nzima au mbovu. Alisema watu wa hapa hawatalipa kuambiwa gari yao ni nzima. Tumebishana kwa wiki. Mwishowe amekubali kujaribu na fundi mmoja tu, yule mzee aliyeachiwa na babake, ambaye tangu mwanzo alikuwa hataki kurekodiwa na simu. Wateja wa mzee hadi sasa si wengi, ila wanarudi na wanaleta jamaa zao. Wale watatu wengine bado wako kwenye asilimia kumi, na wanamtazama tu waone mwisho wa mwezi nani atapeleka zaidi nyumbani.